1-54 London: kutazama, kuuliza bei na kuifikisha kazi nyumbani

Kila Oktoba, wiki ileile ambayo Frieze, maonyesho makubwa ya kuuza sanaa, husimamisha hema lake Regent's Park, vyumba vya Somerset House kando ya mto Thames hujaa sanaa ya Waafrika na ya watu wenye asili ya Afrika walio ughaibuni. Maonyesho hayo yanaitwa 1-54, yaani bara moja na nchi zake 54. Touria El Glaoui, Mmoroko, binti wa mchoraji Hassan El Glaoui, aliyaanzisha mwaka 2013. New York ikafuata 2015, Marrakech 2018. Hapa tunazungumzia ya London peke yake.

Anayekwenda kununua na anayekwenda kutazama hupita mlango mmoja na kuona kuta zilezile. Anayetoka na faida ni yule aliyeuliza. Bei, vipimo, kodi, kreti, unyevu wa hewa: hakuna lolote kati ya haya linaloandikwa ukutani, na karibu yote hujibiwa bila kinyongo ukimuuliza mtu aliyesimama pale.

Jengo lenyewe

Somerset House ilianza kujengwa mwaka 1776 kwa ramani ya William Chambers ili iwe ofisi za serikali, na kwa miaka mingi wakusanya kodi walikuwa humo. Ndiyo sababu 1-54 haifanani na maonyesho ya hemani au ya ukumbini. Nyumba za sanaa hazipewi mabanda yaliyopangwa mistari, zinapewa vyumba vya ofisi za zamani: vidogo, vingine vina madirisha makubwa na mahali pa moto, vinaunganishwa na korido nyembamba na ngazi. Kazi kubwa sana hazipiti, kwa hiyo wauzaji wengi huleta za ukubwa wa kati na ndogo. Kwa mnunuzi anayeanza, hilo ni jambo jema.

Madirisha hayo yana hasara yake pia. Mchana, kazi iliyofunikwa kioo na kuangaliana na dirisha hukuonyesha uso wako mwenyewe. Isogelee kwa ubavu, au urudi baada ya saa kumi jioni mwanga ukishapungua. Ua wa katikati uko wazi kwa yeyote, na katika miaka mingi pamewekwa kazi kubwa ya nje. Mwaka 2022 ilikuwa mashua ya Grada Kilomba, vipande vya mbao iliyounguzwa vilivyotandazwa mita 32. Asiye na tiketi bado anaona kitu.

Kwa kawaida Alhamisi ni ya waalikwa, Ijumaa hadi Jumapili ni ya umma. Kituo cha treni kilicho karibu zaidi ni Temple. Kama unataka kutazama kwa utulivu, Ijumaa asubuhi mlango unapofunguliwa ndio wakati. Jumamosi mchana korido huziba, na chumba chenye watu ishirini hakitazamiki. Jumapili alasiri ni ya mazungumzo: biashara kubwa imekwisha, wauzaji wamechoka kujieleza kwa watu wasiosikiliza, na anayeuliza swali la maana hupewa kiti.

Anza na bawa lililo mbali na lango kuu, ghorofa ya juu, kisha ushuke. Watu wengi hufanya kinyume, hivyo vyumba vya mwanzo hupata macho yenye nguvu na vya mwisho hupata macho yaliyochoka. Saa mbili za kutazama kwa makini zinamtosha mtu wa kawaida. Mzunguko wa kwanza usisome maandishi, pita tu na upige picha ya kila kilichokusimamisha pamoja na kibandiko chake, bila mwako wa kamera. Kunywa chai. Mzunguko wa pili rudi kwa zile tano au sita ambazo bado unazikumbuka bila kufungua simu. Begi la mgongoni livae kifuani: kwenye vyumba hivi vidogo, kinachogonga kazi mara nyingi ni begi la mtu anayegeuka.

Kibandiko kinasema nini

Mpangilio ni karibu uleule kila mahali: jina la msanii, mwaka wa kuzaliwa, jina la kazi, mwaka ilipofanywa, vifaa, vipimo. Vipimo vya kazi ya ukutani huanza na urefu wa kwenda juu, kisha upana. Sanamu huongezwa kina. Mtu aliyezoea kutaja upana kwanza husoma 180 × 90 cm akafikiria kazi ndefu ya kulala juu ya kochi, kumbe ni ya kusimama na haipiti chini ya feni yake. Uliza pia kama vipimo ni vya kazi peke yake au pamoja na fremu. Fremu huongeza sentimita kadhaa kila upande, na sentimita hizo utazilipia tena kwenye ndege.

Sehemu ya vifaa isome polepole. "Akriliki kwenye kanvasi" ni jambo rahisi. "Vifaa mchanganyiko" ni jina la kuficha kila kitu, kuanzia gazeti na gundi hadi kahawa na udongo, na baadhi ya vitu hivyo vitabadilika rangi miaka kumi ijayo. Muulize muuzaji avitaje kimoja kimoja, na umwambie aviandike kwenye ankara.

Bei

Bei mara nyingi haiko ukutani. Iko kwenye orodha iliyochapwa mezani au kwenye simu ya muuzaji. Kuiomba si utovu wa adabu na hakukufungi kununua: "Naomba kuona orodha ya bei" inatosha. Kwenye nyumba za sanaa za kwetu, salamu ya Kiswahili hufungua mazungumzo haraka kuliko kadi ya biashara. Circle Art Gallery ya Nairobi na Afriart Gallery ya Kampala zimewahi kushiriki, na ni Afriart iliyomtangaza Sungi Mlengeya wa Tanzania, yule anayechora miili ya weusi ikielea kwenye weupe mtupu wa kanvasi. Orodha ya washiriki hubadilika kila mwaka, itazame kwenye tovuti yao kabla ya kukata tiketi.

Doti nyekundu kando ya kibandiko maana yake imeuzwa. Siku hizi wengi hawabandiki doti, huandika tu kwenye orodha. Usishangae kukuta kazi imeuzwa saa ya kwanza ya siku ya kwanza: wiki moja au mbili kabla, nyumba ya sanaa huwatumia wateja wake faili ya picha na bei, na wengine huchukua bila kuiona kwa macho. Ukiwa na nyumba unayoifuatilia, waandikie mwezi Septemba uombe faili hiyo. Hawakujui? Jitambulishe kwa mistari mitatu, sema unapenda kazi za nani na kiasi gani unaweza kutoa. Kutaja kiasi kunawasaidia kukuonyesha kinachokufaa, na wala hakupandishi bei, maana orodha ilishachapwa.

Kuna pia kazi "iliyoshikiliwa": mtu ameomba apewe muda wa kufikiri, saa moja au hadi kesho. Omba uwekwe wa pili. Wengi hukata tamaa wakisikia neno hilo, ilhali washikiliaji wa kwanza huachia mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, hasa Jumapili.

Bei ya kazi inayouzwa kwa mara ya kwanza kupitia nyumba ya sanaa ya msanii haipangwi kwa kubahatisha. Njia iliyoenea ni kujumlisha urefu na upana kwa sentimita, kisha kuzidisha kwa namba ya msanii huyo. Tuseme namba yake ni 20 kwa pauni: kanvasi ya 100 × 80 cm ni 180 mara 20, yaani £3,600. Kazi mbili za mwaka mmoja, ukubwa mmoja, vifaa vilevile, zikiwa na bei tofauti, uliza kwa nini. Huenda moja imewahi kuonyeshwa kwenye jumba la makumbusho, au muuzaji anajua ni hiyo watu wanaitaka. Sababu ya kwanza ina thamani itakayobaki. Ya pili haina.

Kati ya hizo £3,600, nusu kwa kawaida ni ya msanii na nusu ya nyumba ya sanaa, inayolipia chumba, makreti, ndege na hoteli. Ndiyo maana punguzo halina nafasi kubwa: asilimia 10 ni ya kawaida kwa anayeuliza kwa heshima, majumba ya makumbusho hupewa zaidi. Kupatana kama sokoni Kariakoo, kuanzia nusu ya bei, kunafunga mlango. Jambo ambalo watu hawaliombi, na wangepewa, ni kulipa kwa awamu tatu bila riba, kazi ikibaki kwa muuzaji hadi malipo yaishe. Omba hilo kabla ya kuomba punguzo.

Unaweza kuambiwa usaini karatasi inayosema ukitaka kuiuza kazi ndani ya miaka 3 au 5, uwape wao nafasi ya kwanza ya kuinunua. Usiichukie. Inamlinda msanii mchanga dhidi ya wanaonunua leo na kuipeleka mnadani kesho, na bei ikianguka mnadani, nawe mwenye kazi yake umeanguka nayo.

Kodi: hapa ndipo wengi hupotea

Muulize muuzaji swali moja kwa maneno haya: bei hii ni pamoja na VAT au bila, na ni VAT ipi? Kuna majibu mengi, nayo yanabadilisha hesabu.

Muuzaji wa Uingereza anayetoza VAT kamili huongeza asilimia 20: kazi ya £3,600 inakuwa £4,320. Muuzaji kutoka nje, tuseme Nairobi, kwa kawaida huingiza kazi nchini kwa muda tu, kwa ajili ya maonyesho, bila kulipa kodi mlangoni. Ikiuzwa na kubaki Uingereza, hulipiwa VAT ya uingizaji, ambayo kwa sanaa ni asilimia 5: £3,600 inakuwa takriban £3,780. Ikiuzwa kisha ikasafirishwa nje chini ya karatasi hizohizo za muda, hiyo asilimia 5 haidaiwi. Lakini lazima iondoke kwa mkono wa msafirishaji anayefunga faili la forodha. Ukiibeba mwenyewe kwapani hadi Heathrow bila karatasi hizo kufungwa, kodi inabaki inadaiwa, na anayedaiwa ni nyumba ya sanaa. Ndiyo maana wanakataa kukupa kazi mkononi Jumapili jioni. Hawakudharau.

Usitegemee kurudishiwa VAT uwanja wa ndege kama mtalii. Utaratibu huo ulifutwa Uingereza, nje ya Ireland ya Kaskazini, tangu 1 Januari 2021, na bado kuna watu wanaoupanga kwenye bajeti.

Kazi ikifika kwetu inakutana na ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na VAT ya nchi: Kenya asilimia 16, Uganda, Rwanda na Tanzania Bara 18. VAT hutozwa juu ya thamani baada ya ushuru kuongezwa, kwa hiyo asilimia hizo haziongezwi kirahisi juu ya bei ya ukutani. Kabla ya kulipa pauni moja, mpigie wakala wa forodha wa nyumbani na umtajie kichwa cha ushuru (namba ya forodha ya aina ya bidhaa): 9701 kwa michoro ya mkono, 9702 kwa chapa asilia (kazi zilizochapwa karatasini kwa nakala kadhaa), 9703 kwa sanamu asilia. Akikuandikia "mapambo ya nyumba", tafuta wakala mwingine.

Sasa jambo ambalo msomaji wa Nairobi au Kampala anapaswa kulifikiria kabla ya yote haya. Kama nyumba ya sanaa iko mjini kwako, kwa nini ununue London? Nyumba makini huweka bei moja popote inapouza. Kazi isipouzwa inarudi na kreti lake kwa gharama ya mwenye nyumba. Muulize: "Isipochukuliwa, inarudi lini?" Ikiwa hofu ya kuikosa haikunyimi usingizi, subiri uichukue kwao wiki chache baadaye, bila ndege na bila VAT ya Uingereza. Kwa kazi moja unayoitaka kweli, lipia London na ukubaliane kwa maandishi kwamba inarudi nao na unaipokelea nyumbani. Karatasi za kuirudisha nchini ni zao, na walishazianza kabla ya kuondoka.

Ununuzi wa thamani ya euro 10,000 au zaidi una hatua nyingine. Tangu Januari 2020 sheria ya Uingereza dhidi ya utakatishaji fedha inamlazimu muuzaji kumtambua mnunuzi: pasipoti, uthibitisho wa anwani, pengine chanzo cha fedha. Anayenunua kwa jina la kampuni ajiandae kuonyesha wamiliki wake. Beba nakala, maana mauzo hukwama hapo hadi mtu mwingine akatokea.

Kwa wenye nyumba za sanaa wanaosoma hapa na kufikiria kushiriki: viza ya mgeni ya Uingereza inamruhusu mtu kuhudhuria maonyesho ya biashara kwa kutangaza tu, si kuuza moja kwa moja. Pata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji mapema, kabla ya kulipia chumba. Mtazamaji wa kawaida anaweza kuomba viza kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Julai ndio mwezi wa kuanza.

Chapa, picha, nyuzi na mpingo

Mwenye bajeti ndogo ataelekezwa kwenye chapa. Sawa, ila ujue unachoshika. Namba ya 3/25 ni nakala ya tatu kati ya 25. Herufi A.P. ni nakala za msanii nje ya idadi hiyo, kwa kawaida chache. Uliza jumla ya zote. Kisha nenda na lenzi ya mkononi ya mara 10, ni ndogo kuliko sanduku la kiberiti. Chapa ya lino (bamba laini la kuchongwa) au ya mbao ina wino uliosukumwa pembeni mwa mistari, na ukiinamisha karatasi unaona imebonyea kidogo. Chapa ya bamba la shaba ina alama ya bamba iliyozama pembezoni. Ukiona vinukta vidogo vya rangi vilivyonyunyizwa sawasawa kila mahali, hiyo ni printa ya wino. Printa ya wino si kosa, wasanii wengi wanaitumia kwa makusudi, lakini nakala ya printa ya mchoro uliokwisha kuuzwa si sawa na chapa iliyobuniwa iwe chapa, wala bei yake isiwe sawa.

Kwa picha za kamera, kama zile za Sammy Baloji wa Lubumbashi, uliza karatasi na wino, idadi ya nakala kwa kila ukubwa (toleo la 5 kubwa na 10 dogo ni nakala 15), na kama imebandikwa juu ya bamba la alumini. Bamba linaifanya ikae sawa, lakini mkwaruzo juu yake hautibiki, na kona ikigonga sakafu picha imekwisha.

Kazi za nyuzi, magome na ukindu zimekuwa na nguvu sana miaka ya karibuni. Acaye Kerunen wa Uganda, aliyefanya kazi na wasusi wa kwao, alikuwa mmoja wa wasanii wawili wa banda la Uganda kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale kule Venice mwaka 2022, lililotajwa kwa heshima na waamuzi. Mwenzake alikuwa Collin Sekajugo. Uzuri wa kazi hizi unakuja na wadudu. Uliza kama imegandishwa kabla ya kusafiri: wiki moja hadi mbili kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, ikiwa imefungwa kwenye plastiki isiyopitisha hewa, huua mayai na viwavi bila dawa. Mimea isiyosindikwa inaweza pia kudaiwa cheti cha afya ya mimea mpakani.

Kwenye sanamu, pembe ya ndovu na ng'amba usiviguse hata kama ni kipande cha jicho. Mpingo nao una sheria zake: tangu Januari 2017 karibu miti yote ya jamii yake iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Vitu vilivyokamilika vimeachiwa hadi kilo 10 za mti huo kwa kila mzigo. Sanamu ya Kimakonde ya kimo cha mtoto inazidi hapo kwa urahisi, maana mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Bila kibali, inazuiwa.

Na ukikutana na kazi ya msanii aliyefariki, karatasi za umiliki ni nusu ya kazi. George Lilanga wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2005, alifanya kazi na wasaidizi, hasa miaka yake ya mwisho afya ilipodhoofika. Ipo mikono mingi kwenye soko lenye jina lake. Iliuzwa na nani kwanza, mwaka gani, kuna picha yake ya zamani? Jibu la "ilitoka kwa familia moja" halijibu chochote.

Karatasi za kuondoka nazo

Ankara iandike msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, bei, sarafu, namna VAT ilivyoshughulikiwa na nani analipia usafiri. Cheti cha uhalisi kiwe na picha ya kazi na sahihi ya msanii au ya nyumba ya sanaa. Cheti kisicho na picha kinaweza kuhamishiwa kazi nyingine. Ripoti ya hali ya kazi iambatane na picha za pande zote nne, za nyuma, na za kila ufa. Piga zako pia siku hiyohiyo.

Kununua kazi hakukupi hakimiliki. Fulana, kalenda na jalada la kitabu bado ni ruhusa ya msanii.

Ukiona mstari wa haki ya mauzo ya marudio, yaani malipo ya msanii kazi yake inapouzwa tena, jua kazi hiyo si mara ya kwanza kuuzwa. Uingereza hutoza asilimia 4 kwa sehemu ya kwanza ya bei hadi £50,000, kisha asilimia hupungua. Si wasanii wa nchi zote wanaostahili, kwa hiyo muulize muuzaji fedha hiyo inapelekwa wapi.

Malipo ya benki yana mtego uliowanasa wengi kwenye biashara ya sanaa: mhalifu huingia kwenye baruapepe ya nyumba ya sanaa, akasubiri ankara, akatuma nyingine yenye akaunti yake. Kila kitu kinafanana, nembo hadi salamu. Kabla ya kutuma, piga simu kwa namba iliyo kwenye kadi uliyopewa mkononi, usomewe namba za akaunti kwa sauti.

Kreti na ndege

Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa ukubwa, chochote kilicho kikubwa. Zidisha urefu, upana na kina cha kreti kwa sentimita, ugawe kwa 6,000 kwa mzigo wa kawaida wa ndege, au 5,000 kwa kampuni za vifurushi. Kanvasi ya 120 × 100 cm ndani ya kreti la 140 × 120 × 20 cm ni 336,000: kilo 56 za kutozwa, au 67.2 kwa kampuni ya vifurushi, ingawa kreti lenyewe halifiki huko. Kanvasi hiyohiyo ikivuliwa fremu yake ya nyuma na kuviringishwa kwenye boksi la 120 × 25 × 25 cm ni 75,000: kilo 12.5, au 15. Tofauti ni zaidi ya mara nne.

Kabla hujashangilia, uliza kama inaviringishika. Akriliki nyembamba, ndiyo. Rangi ya mafuta nene ya mwaka huu, hapana: juu imekauka, ndani bado laini. Kazi zilizoshonwa na kubandikwa vipande, kama za Kaloki Nyamai wa Kenya, mwamuzi awe msanii au nyumba yake. Inayoviringishwa huviringishwa rangi ikiwa nje, si ndani, kuzunguka bomba pana la sentimita 15 au zaidi, karatasi laini isiyo na asidi katikati. Rangi ikiwa ndani hubanwa, na inapokunjuliwa huachia kwa mikunjo. Akriliki pia hukakamaa kwenye baridi: kazi iliyotoka kwenye ghala baridi isikunjuliwe kabla ya kupata joto la chumba.

Kreti la mbao lazima liwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia: mbao zimepashwa hadi nyuzijoto 56 katikati ya ubao kwa dakika 30. Fundi wa mtaani atakutengenezea kreti zuri lisilo na muhuri, nalo litakwama mpakani au litachomwa. Plaiwudi imesamehewa sharti hilo, lakini vipande vya mbao ngumu vya kuimarisha kona havijasamehewa, na hapo ndipo kosa hutokea.

Bima ianze kazi inaposhushwa ukutani London hadi itakapotundikwa kwako. Bima ya "safari" peke yake huacha wazi siku za ghala, na ghala ndiko kazi nyingi huumia. Uliza pia kama inalipa upungufu wa thamani baada ya matengenezo au gharama ya matengenezo tu.

Ikishafika

Usifungue kreti mlangoni. Liache ndani ya nyumba saa 24, lizoee hewa, la sivyo unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam utaganda kama jasho juu ya kioo kilichotoka kwenye ubaridi wa ndege. Fungua ukipiga picha kila hatua, ulinganishe na ripoti ya hali. Ukiona uharibifu, acha kila kitu kilipo na umwandikie msafirishaji. Kwa mizigo ya ndege ya kimataifa, malalamiko ya uharibifu hutakiwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea. Bima yako inaweza kutaka mapema zaidi.

Kwa wa pwani, adui mkubwa ni kuvu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70, karatasi huanza kutoa madoa ya kahawia na kanvasi hupata vumbi jeupe nyuma. Kazi ya karatasi iwe na nafasi kati yake na kioo, ubao wa nyuma usio na asidi, na vipande vidogo vya kizibo kwenye kona za chini za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua, ukuta wa bafu na ukuta unaotazama jua la jioni, yote mitatu haifai. Kiyoyozi cha kuwashwa na kuzimwa ni kibaya kuliko feni ya kudumu, kwa sababu kupanda na kushuka kwa unyevu ndiko kunakolegeza kanvasi na kupasua rangi. Kipima unyevu cha bei nafuu kiwekwe nyuma ya kazi, siyo katikati ya chumba.

Kreti usilipasue kuni. Andika jina la kazi ubavuni, liweke mahali pakavu juu ya matofali, mchwa wasilifikie. Siku jumba la makumbusho likiomba kuazima, au ukihama, kulitengeneza upya kutakugharimu kuliko ulivyodhani.